Mstari wa Mlezi

Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa na kiti chenye mto. Hakikuwa cha nyumbani kwake. Kilikaa nyuma ya duka la fundi cherehani aitwaye Mwadime, mahali ambapo watu watatu walikutana kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Wenzake wawili walikalia viti vya plastiki vitupu. Yeye walimwekea mto kwa sababu ya mgongo wake, na kwa sababu walimheshimu. Jina lake Mkamburi.

Watu hao walikuwa na chama kidogo cha kusomesha vijana. Si vijana wote, la. Walisomesha wale waliofukuzwa kwao kwa sababu msichana alimpenda msichana, au mvulana mvulana, au kwa sababu mtoto alijijua kuwa mwanamke huku kwao wakishikilia kwamba ni mwana wa kiume. Vijana hao mnawajua. Wengine mmewazaa. Kazi hiyo haikuwa na mshahara. Mwadime aliacha mashine yake, Elina aliacha genge lake la mboga, na Mkamburi, aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na miwili, aliacha usingizi wake wa mchana. Majirani walisema yao. Akina mama wa kwaya waliokuwa wakishonewa sare pale dukani walihamia kwa fundi mwingine. Hata hivyo hawakuacha. Nayasema haya mapema, asije mtu akadhani nasimulia habari za watu wabaya. Walikuwa watu wema, na ndiyo maana mfano huu unauma.

Ukutani palibandikwa kadi yenye majina ya viongozi, kwa mwandiko wa Mkamburi mwenyewe, ule mwandiko wa ubaoni. Mwenyekiti, Mwadime. Katibu, Elina. Mlezi, Mama Mkamburi. Alilipenda neno lile la mwisho. Wenzake walipomwita “mlezi wetu” alipunga mkono kuwakatiza, eti waache maneno, lakini siku wasipomwita hivyo alirudi nyumbani amenuna.

Chama kilipohitaji fomu ya maombi, yeye ndiye aliyeitunga. Kutunga kwenyewe kulikuwa kunakili. Alichukua fomu ya shule yake ya zamani, akafuta jina la shule, akaandika la chama. Jina kamili. Alama za mtihani. Chuo ulichoitwa. Na chini kabisa, kama ilivyo kwenye fomu ya kila shule, sahihi ya mzazi au mlezi. Mstari huo ulikuwa umepita mbele ya macho yake mara elfu, naye hakuusoma tena. Mkono wake uliujua. Wenzake wakasema vyema, utatukinga, kesho mtu asije akatuita wezi wa watoto. Basi, jamani, chama cha watoto waliokataliwa kikawataka walete sahihi za waliowakataa. Msicheke. Ninyi pia mna fomu zenu.

Miaka miwili ikapita bila mtu kuiona kasoro. Kijana wa kwanza alikuwa na shangazi mwenye moyo. Wa pili, bibi yake alitia dole gumba. Wa tatu alikuwa Mghoi.

Mghoi alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi. Baba yake alikuta barua aliyomwandikia msichana mwenzake, akamtoa nyumbani na nguo alizovaa. Tangu siku hiyo aliosha vyombo katika hoteli moja karibu na stendi na kulala jikoni humohumo. Chuo kilimpa mpaka Ijumaa awe amethibitisha nafasi yake, na hangeweza kuithibitisha bila barua ya chama ya kuahidi karo. Alifika Jumamosi kabla ya Ijumaa hiyo. Mkamburi aliipokea fomu, akaona herufi zimesimama wima, hakuna kufutafuta, akampenda mtoto kabla hata hajamaliza kusoma. Akateremka na kalamu yake nyekundu mpaka chini, akakuta mstari mtupu.

Mghoi akasema hana wa kumtilia sahihi. Alisema huku macho yake yakiwa ukutani, kwenye ile kadi. Mkamburi akadhani anaona haya.

“Sahihi moja tu, mwanangu,” akamwambia. “Nenda nyumbani mara moja, uwaombe kwa adabu. Mzazi ni mzazi.”

Kitu kilimchoma moyoni alipomrudishia ile karatasi. Alikiona, akakiita huruma, akakinyamazisha. Fomu isiyojaa haipiti. Ndivyo alivyofundisha, ndivyo alivyoishi. Akamnunulia msichana soda ya njiani na kumwombea heri. Wenzake waliona amefanya vyema, na hata mimi, ningalikuwapo, pengine ningaliona vivyo hivyo.

Mghoi aliomba ruhusa hotelini akaenda kwao milimani. Baba yake hakuwapo, ikabidi amngoje. Ijumaa ikaja ikapita. Jumamosi akatokea dukani kwa Mwadime na vumbi miguuni, akaiweka fomu mezani bila kuketi.

Mstari haukuwa mtupu tena. Baba yake alikuwa ameandika kwa wino, taratibu, kama mtu asiye na haraka: Sina mtoto wa jina hili. Halafu akatia sahihi yake, kamili, na tarehe.

Elina akaanza kulia. Mwadime akasema Jumatatu asubuhi watapiga simu chuoni, wataeleza, wataomba. Mkamburi aliishika fomu kwa mikono miwili, akiisoma kana kwamba majibu yako mahali pengine kwenye karatasi. Mghoi hakulia. Aliinua macho ukutani palepale alipoyaweka juma lililopita.

“Mwalimu,” akasema, “pale mmeandika wewe ndiwe mlezi. Siku ile nilikuwa nangoja tu uandike jina lako.”

Na kalamu alikuwa nayo mkononi, jamani. Alikuwa nayo mkononi.

Jumatatu walipiga simu. Nafasi alikuwa amepewa mtu mwingine. Mkamburi akaenda mwenyewe hotelini karibu na stendi, akaambiwa msichana amekwenda Mombasa kutafuta kazi za nyumbani, na namba yake haipatikani. Aliporudi nyumbani aliitoa ile fomu akatafuta nafasi chini ya maneno ya baba, akaandika jina lake kwa herufi zilizosimama wima, na mbele yake neno mlezi. Sahihi ilikuwa nzuri. Hapakuwa tena na mahali pa kuipeleka.

Mstari ule waliufuta. Mwaka uliofuata walipita vijana wawili bila kuulizwa mzazi wala shangazi, na watu waliokisema vibaya chama wakaanza kukisema vizuri. Haya ni mema, siyakatai. Lakini kwa miaka ishirini na miwili Mkamburi alikuwa ameandika ubaoni, mbele ya watoto wa darasa la nane, methali isemayo kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Aliwapa alama walioimalizia vizuri na kuwasahihisha waliokosea. Sasa alijua yeye mwenyewe hakuwahi kuimaliza. Alijuta, na aliyasema majuto yake waziwazi mbele ya wenzake, wala hakutaka wamtulize. Uchaguzi ulipofika, walimpigia makofi wamrudishe kwenye nafasi ya mlezi, naye akawaomba jina lake walifute kwenye kadi mpaka Mghoi apatikane. Ule mto aliutoa kwenye kiti chake akauweka kwenye kiti cha plastiki kinachoelekea meza, kile wanachokalia wanaokuja kuomba. Kila Jumamosi humwangalia anayekikalia usoni kwanza, ndipo aiangalie fomu. Mghoi hajapatikana mpaka leo.

Nanyi mnaoketi mbele yangu, mnaoitwa walezi wa hiki na walezi wa kile: ni nani aliyesimama mbele yenu akingoja mwandike jina lenu, nanyi, kwa upole, mkamwambia aende nyumbani?