Makaburi Pale Chemchemini

Hapo zamani za kale (sogeeni, watoto, msinikalishe sana, mgongo unaniuma) wanyama walikuwa na nyumba, mashamba na mikutano. Hasa mikutano.

Huko Nyikambali, njia zote zinakoishia, chemchemi ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa inakauka. Kila mwaka mwenyekiti wao, Ndovu, aliitisha mkutano.

"Tupande miti chemchemini, maji yarudi!"

Pa! Pa! Pa! Makofi. Kisha Pimbi, mnyama mdogo wa maweni, akapanda peke yake. Ndovu akiwa njiani kurudi nyumbani njaa humshika, nyofu! Miche imeliwa. Nyati naye akipita, kwatu, kwatu, hukanyaga iliyobaki. Mwaka unaofuata, mkutano.

Pimbi alichoka jamani. Majirani walikuwa wanafunga mizigo wahamie mtoni, ng'ambo ya vilima, na mama yake mzee hakuweza kupanda hata kilima kimoja.

"Mama, nimesema mpaka ulimi umeota sugu. Miti hawaiheshimu."

"Wanaheshimu nini, mwanangu?"

Pimbi akafikiri. Ndovu hakanyagi kaburi. Hata la adui yake hulizunguka, tena amevua kofia.

Asubuhi kikasikika kilio. "Uuuwi! Uuuwi! Ukoo wangu!"

Ndovu na Nyati wakaja mbio, gudu! gudu! Wakakuta vituta vya udongo vimeizunguka chemchemi yote.

"Pole, Pimbi! Wamepatwa na nini?"

"Kiu, mzee wangu. Huyu mjomba, huyu binamu, yule pale shangazi Mwajeni."

"Mwajeni? Si jana tu alinisalimia?"

"Jana alikuwa mzima, mzee. Ndivyo kifo kilivyo."

"Kweli, ndivyo kilivyo," akasema Nyati, akipenga kamasi.

"Na wote waliniachia wasia mmoja, wamwagiwe maji. Lakini mimi na vimikono hivi nitabeba maji gani?"

Ndovu akalia, machozi hadi mkongani. Tangu siku hiyo, kila jioni alichota maji kule mtoni akaja kumnyunyizia kila marehemu, shwaa! Nyati akazungushia miiba. Pimbi akaenda kulala, maana alikuwa na usingizi wa miaka.

Pangoni, shangazi Mwajeni alikuwa ananung'unika. "Nitafufuka lini? Kufa kunachosha!"

"Vumilia, shangazi. Kuishi nako kunachosha."

Mvua zikaja, zikapita, zikaja tena. Kila kaburi likaota mkuyu.

"Marehemu hawa walikuwa watu wema," akasema Ndovu, akaendelea kunyunyiza.

Mikuyu mingi ikampita Nyati kimo. Ndipo siku moja shangazi Mwajeni, uvumilivu umemwishia, akatoka pangoni akaenda zake chemchemini kunywa maji. Ndovu alikuwepo. Nusura azimie.

"Pimbi! Njoo hapa! Humu mmezikwa nini?"

"Mbegu, mzee. Mbegu za mikuyu. Mjomba yuko shambani, hajambo."

"Mbegu! Nimebeba maji mpaka mkonga umekufa ganzi! Nimelia mbele za watu! Kumbe nalilia mbegu?"

Akainua mguu juu ya mkuyu mdogo kuliko yote. Pimbi hakukimbia, nguvu za kukimbia hakuwa nazo.

"Kanyaga, mzee. Kisha utuzike kweli, uanze na mama yangu."

Mguu ukabaki juu. Mara, chini ya mizizi, kukasikika chururu, chururu. Maji. Ndovu akautazama ule mti. Huo ndio aliokuwa akiuita Mjomba. Kila jioni alimsimulia taabu zake zote, na Mjomba hakuwahi kumkatiza.

Akaushusha mguu pembeni, taratibu, akaenda zake bila kuaga.

Kesho yake Nyati, ambaye habari zilikuwa zimemfikia, akaja moja kwa moja na njaa yake, kwatu, kwatu, akaisukuma miiba.

"Wee! Zunguka!" Ndovu alinguruma kutoka ng'ambo ya chemchemi.

"Nizunguke nini? Si hakuna aliyezikwa humu?"

"Najua," akasema Ndovu, na mkonga wake umejaa maji. "Zunguka."

Basi watoto, nendeni mkalale, nami nilale, mkijua kwamba mtu hukilinda kile kilichomtoa jasho.