Bipu Mbili za Bi Mwanahamisi

Hapo zamani, tena zamani yenyewe si ya mbali, ni ya juzi juzi ya simu za vitufe, palikuwa na nyumba moja Muheza yenye simu isiyojua kunyamaza. Sikilizeni vizuri, maana mwisho nitawauliza, na jibu sina.

Simu ilikaa ndani ya kifuko cha kitenge, imening'inizwa kwenye msumari sebuleni, na ilikuwa ya nyumba nzima: ya Hamdani aliyefanya kazi kiwanda cha mkonge, ya mama yake Bi Saumu, na ya mkewe Mwantumu, mwenye mtoto wa miezi mitano. Kioo chake kilishakufa, kwa hiyo ikiita hujui ni nani mpaka upokee. Na ukipokea ni yule yule. Asubuhi, habari ya leo mteja wetu, umechaguliwa. Mchana, mteja wetu, tuna bima ya mazishi. Jioni, mteja wetu, ofa bado ipo. Sauti ya binti mmoja, siku zote hiyo hiyo. Mwantumu alimwambia dada tafadhali usipige tena, Bi Saumu akamwambia mengine ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto, na kesho yake binti akapiga.

Ilianzia wapi? Kwenye ndoo. Gulioni walikuja watu wenye fulana za njano, andika jina na namba ya simu upewe ndoo ya bure yenye mfuniko wake, na Mwantumu, kwa mwandiko wake mzuri wa kidato cha nne, akaandika, wala hakusoma yale maneno madogo ya chini. Akarudi na ndoo kichwani. Nyumba nzima ikamsifu, Bi Saumu akaifanya ya mchele.

Mtu wa duka la simu alimwambia Hamdani, njoo na kitambulisho chako, tukuandikie ombi wakutoe kwenye orodha yao. Hamdani akasema kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Mwisho akaja na ujanja wake mwenyewe: anayetujua atabipu mara mbili, kisha atapiga. Hiyo ya tatu tupokee, nyingine zote ziacheni ziite mpaka zichoke.

"Wauza bima hawabipu," alisema. "Wao simu wanalipiwa."

Wakacheka, wakawapelekea habari ndugu wote wa Tanga na Pangani. Wiki mbili nyumba ikapoa, mtoto akalala mchana, na Mwantumu akasema mume ninaye.

Basi mama yake Mwantumu, Bi Mwanahamisi, akalazwa mjini Tanga apasuliwe tumbo. Mwantumu alikuwa aende kumuuguza, mkoba umeshafungwa, lakini asubuhi ya siku yenyewe mtoto akaamka anaungua, akatetemeka mara moja, mara moja tu, na Mwantumu akaogopa degedege. Akabaki. Akamwagiza jirani anayekwenda mjini, mwambie mama nitakuja kesho. Naye Bi Mwanahamisi simu hana, ameibiwa stendi, na namba aliyoijua kwa kichwa ilikuwa moja tu duniani, ya nyumba ya bintiye.

Saa nane mchana mtoto ndiyo kwanza amesinzia. Simu ikaita, ikakatika. Ikaita tena, ikakatika. Mwantumu akainuka, akaitoa kwenye kifuko, akaishika kwa mikono miwili, mama huyo, Mungu wangu, mama huyo. Ikaita ya tatu.

"Mama?"

"Habari ya mchana mteja wetu, umechaguliwa..."

Mnaona? Kati ya bipu ya pili na simu yenyewe, binti wa bima aliingia. Mwantumu hakujua, na ni nani angejua? Alichojua ni kwamba wale watu wameshagundua mpaka siri ya bipu. Akakata. Mtoto akaamka, akapiga kelele, na Bi Saumu akanyoosha mkono.

"Lete hapa. Mwanao ana homa, aamshwe na wauza majeneza? Mwenye shida na sisi atakuja kwa miguu."

Akabonyeza mpaka simu ikazimika. Hapo Mwantumu alikuwa na la kusema. Mama, iache, leo mama yangu anapasuliwa. Lakini ni mkwe, na mtoto analia, na joto lile la mtoto mikononi, akalimeza.

Yaliyokuwa upande wa pili aliyasimulia nesi, baadaye. Kwamba Bi Mwanahamisi alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, ameazimwa simu. Alibipu mbili, akamwambia nesi sasa watapokea, utaona. Akapiga, ikamjibu inatumika. Akatabasamu, akasema binti yangu huyo, kwa maneno hajambo. Akapiga tena, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akairudisha simu ya watu. Alitaka kumsikia mjukuu, akasema, na kumpa binti radhi zake kabla hajaingia. "Basi mwambieni nilipiga." Akaingizwa, na hakutoka hai.

Siku ya arobaini, hitima ilipokwisha pale nyumbani kwa Hamdani, akasimama kaka wa marehemu, mjomba Kombo. Akasema dada yangu alipiga, akafungiwa. Aliyemfungia asimame aombe radhi mbele ya watu hawa, tulimalize. Ila asimame mmoja, akasema, radhi ya kundi haina mwenyewe.

Akasimama Bi Saumu. "Ni mimi. Kidole kilichozima ni hiki. Mama mwenzangu anabisha hodi, mimi nafunga mlango."

Akasimama Hamdani. "Kaa, mama. Ni mimi. Niliambiwa nenda dukani, nikasema kesho. Nikatunga bipu ili nionekane mjanja. Bila bipu zangu angepiga mara moja tu, na angepokewa."

Akasimama Mwantumu, mtoto begani. "Kaeni wote. Namba niliiuza mimi kwa ndoo. Na wewe mama ulizima bila kujua kwamba ndiyo siku ya kupasuliwa. Mimi nilijua, nikanyamaza."

Kabla mjomba hajasema neno, simu ikaita kwenye msumari. Haikubipu, iliita tu. Mjomba akaipokea mwenyewe, akaiweka sauti ya nje. Mteja wetu, umechaguliwa. Mjomba hakumtukana. Alimsimulia yote, pole pole, bipu ya kwanza, bipu ya pili, na saa nane ya siku ile.

"Shikamoo, baba," sauti ikajibu, si ile ya ofa. "Poleni sana. Na mimi mnihesabu. Dada wa nyumba hiyo alinikataza tangu wiki ya kwanza, na nilimsikia vizuri. Hapa nilipokaa kuna kitufe cha kufuta namba. Lakini tukifuta nyingi tunaondolewa kazini, na mimi nina mtoto. Niliogopa kukibonyeza."

Mjomba akakaa kitako. Hakuna mwingine aliyekaa. Mwantumu akaitazama ile ndoo pale mlangoni, mchele wa arobaini ulitoka humo humo, akambana mtoto kifuani, akasubiri atajwe.

Haya, wenzangu. Mmoja aliandika, mmoja aliahirisha, mmoja alizima, mmoja alikatazwa akapiga. Na mjomba amesema mmoja tu. Bi Mwanahamisi alibipu mbili akasubiri. Je, ni nani aliyestahili kusimama amwombe radhi?