Ukuta wa Uani

Mwanamke mmoja alikuwa na picha mbili za nyumba zilezile, moja ya zamani na moja ya juzi. Jina lake Mwanakombo. Alikuwa amezunguka mji wake wa kale, ule wa mawe ulioko pwani, akiwaomba watu picha walizorithi kwa wazee wao. Kisha alikwenda kusimama palepale aliposimama mpiga picha wa kwanza, naye akapiga ya kwake. Akazitundika mbilimbili kwenye ukumbi wa mji, ya kale kushoto na ya leo kulia, na watu wakaja kutazama.

Mnatujua tulivyo mbele ya picha kama hizo. Kila mmoja alisimama, akatikisa kichwa, akasema, "Ah, zamani!" Kisha akatoka kwenda kunywa kahawa. Mimi nami nilikuwemo, nikatikisa kichwa na wenzangu.

Karibu kila picha ya kulia ilikuwa na pengo. Hapa roshani imeondoka, pale mlango wa nakshi umepisha mlango wa chuma wa kukunja, kwingine nyumba nzima haipo na mahali pake wanaegesha pikipiki. Lakini nyumba mbili za marehemu Mzee Bwanaheri zilipendeza kuliko zamani. Moja ilikuwa ya samawati, nyingine rangi ya maziwa, na kwa mbele zote mbili ziling'aa. Wenyewe walikuwa wanawe, Famau aliye mkubwa, na Shali aliye mdogo, ambaye ndiye baba yake Mwanakombo. Watu wakasema, hawa ndio walioitunza amana ya baba yao.

Sasa nisikilizeni, maana nyumba hizo nazijua. Mzee Bwanaheri alizijenga kwa namna yake. Ubavu wa nyumba ya Famau aliuelekeza ndani ya ua wa Shali, na ubavu wa nyumba ya Shali ndani ya ua wa Famau. Kwa hiyo kila ndugu, akikaa uani kwake kuosha uso asubuhi, aliuona ukuta wa mwenzake. Wa kwake mwenyewe hakuuona, wala hakuweza kuufikia ila kwa kupita kwa nduguye. Katikati ya nyua hizo mzee aliweka mlango mdogo usio na komeo.

Kila mwaka, mwezi mtukufu ukikaribia, ndugu wale waliroweka chokaa na kusimamisha ngazi. Famau aliupaka ukuta wa Shali, Shali akaupaka wa Famau, na walizungumza kwa kupaza sauti, huyu huku na yule kule, wakitaniana nani kazidiwa na kazi. Wake zao walipika pamoja, na sufuria ilipita kwenye mlango ule mdogo ikienda na kurudi. Nimewahi kula pale. Hadi leo nikisikia harufu ya chokaa mbichi moyo wangu unanienda mbio, namkumbuka mama yangu akinikataza nisiegemee ukuta na kanzu mpya.

Kisha Shali akamwoza binti yake, huyuhuyu Mwanakombo. Shughuli zilimzonga. Akamwambia mwanamke wa kualika, yule apitaye nyumba kwa nyumba kutangaza harusi, "Na kwa kaka Famau usipasahau." Akadhani ametenda jema. Famau akakaa barazani kwake, akaalikwa na mtu baki harusi ya mtoto wa nduguye, sawasawa na muuza samaki na jirani wa mtaa wa tatu. Siku ya harusi hakwenda, na Shali alipoona mahali pa kaka yake pako wazi, naye akaudhika. Ndivyo ulivyopigwa misumari mlango ule mdogo. Hakuna hata mmoja aliyekubali baadaye kwamba ndiye aliyeshika nyundo.

Chokaa nayo ikaisha hapo. "Ukuta si wangu," alisema Famau. Shali kule alisema hivyohivyo. Badala yake kila mmoja alinunua rangi ya mafuta, akapaka mbele ya nyumba yake, kunakoonekana na wapita njia, na mwenzake alipopaka naye alipaka tena. Huku ubavuni mvua iliingia. Kila asubuhi Famau aliosha uso huku akiutazama ukuta wa mdogo wake ukifanya weusi, akajisemea kimoyomoyo, mtu gani huyu asiyejali. Na Shali upande wa pili alikuwa akisema hayohayo. Miaka ikapita, nao wakazeeka wakihurumiana kwa kejeli.

Baada ya maonyesho yale, mtu mmoja alimletea Mwanakombo picha nyingine ya kale. Hii ilipigwa kutoka juu ya mnara wa msikiti, nayo ilionyesha nyumba zile mbili kwa nyuma. Mwanakombo akaomba ruhusa, akapanda mnara na kupiga ya kwake. Aliposhuka hakuipeleka ukumbini. Aliipeleka kwa ami yake Famau pamoja na ile ya zamani, akaiweka mapajani mwake.

Famau akavaa miwani. Aliuona ukuta mweusi, umepasuka toka juu hadi katikati, na mti umeota kwenye ufa. Akaugonga kwa kidole.

"Muangalie babako," alisema. "Muangalie alivyoiacha nyumba ya marehemu."

"Huo si wa baba, ami," alisema Mwanakombo. "Huo ni wako."

Famau akaitazama tena. Akaigeuza, akatafuta mlango ule mdogo, akatafuta kisima cha uani kwa Shali, akaona ni kweli. Ndipo akaichukua ile ya zamani. Humo kuta zote mbili zilikuwa nyeupe, na juu ya ngazi mbili walisimama vijana wawili vifua wazi, kila mmoja kwenye ukuta wa mwenzake, wamegeuza nyuso wanacheka. Siku zote alikuwa akijikumbuka kama mtu aliyeitunza nyumba yake. Picha ilimwonyesha kwamba hata siku moja hakuwahi kuupaka ubavu wake. Alilia mbele ya mtoto wa nduguye, wala hakujificha.

Siku iliyofuata aliagiza chokaa. Alikuwa mzee, magoti hayamtii, lakini alisimamisha ngazi uani kwake na kuanza na ukuta uliokuwa mbele yake, yaani wa Shali. Akang'oa mimea, akaziba nyufa, akakwangua weusi, akapaka. Shali, chumbani mwake, alisikia brashi ikipita nyuma ya kitanda.

"Anachokora nini huyo?" alimuuliza binti yake.

Mwanakombo akamweleza, akamwonyesha na picha zote mbili. Shali alizitazama kwa muda mrefu. Aliguswa, nasema kweli, si mtu mbaya. Lakini alisema, "Nani kamtuma?" Kisha akasema ule wa uani kwake atauangalia mvua zikipita.

Masika hayakumsubiri. Yalinyesha mfululizo, na asubuhi moja, Shali akinywa chai, ubavu wa nyumba ya Famau ukakatika na kumwagika ndani ya ua wake yeye Shali. Kisima kikafunikwa, jiko likafunikwa, vumbi la chokaa ya kale likapanda juu ya mvua. Ukuta uliangukia kwa aliyeuacha.

Shali alipanda juu ya kifusi miguu mitupu. Aliita, "Kaka! Kaka Famau!" Neno hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwake tangu harusi ile. Akapita kwenye vyumba visivyo na ukuta, kitanda cha shemeji yake kikilowa mbele ya dunia nzima, akatokea uani kwa nduguye. Famau na watu wake wote walikuwa pale wazima, wamejibanza chini ya ukuta mrefu.

Ndipo alipouinua uso. Ukuta ulikuwa mweupe kama ule wa kwenye picha. Hauna ufa, hauna mti, na maji ya mvua yaliteremka juu yake yakaenda zake. Ulikuwa ukuta wa nyumba yake mwenyewe, na alikuwa hajautia machoni kwa miaka yote ile. Mkono wake ulikuwa ukivuja damu kwa mawe na hakuwa na habari.

Famau alimsogelea, akamshika mkono ule.

"Leo umekuja mwenyewe," alisema.

Nyumba ya Famau haikusimama tena, na sitawadanganya kwamba ilisimama. Siku hizi anaishi kwa mdogo wake, katika chumba kilicho nyuma ya ukuta alioupaka, na mvua zikinyesha analala pakavu. Mwanakombo amepiga picha ya tatu kutoka mnarani. Ina nyumba moja nyeupe, na pengo lililojaa mawe, na wazee wawili wamekaa juu ya mawe hayo. Watu wakiiona hutikisa kichwa na kusema, "Ah, zamani!"

Ninyi mnaorudi majumbani sasa, ukuta ule mnaouona kila asubuhi uani kwenu, mkasema si wenu, ni wa nani?