Matundu ya Mtungi wa Jivkor

Ijumaa, tarehe 18 Oktoba 1985, Tanga iliamka na manyunyu. Hayakuwa ya kulowesha nguo, yalikuwa ya kutia giza tu, na upepo ulitoka upande wa milimani. Naikumbuka vizuri hali hiyo kwa sababu asubuhi ile ndiyo iliyozaa msemo mliousikia leo dukani kwa Eliwaza, mkaja kuniuliza maana yake: Matundu ni mengi, taa ni moja. Kaeni, Nirali, na wewe Zubeda, niwaeleze ulikotoka. Mimi nilikuwepo.

Ilikuwa siku ya nne ya Navratri, zile siku tisa ambazo sisi Wahindu tunamwomba Mama wa ulimwengu. Siku hizo nyumba za Kigujarati huweka mtungi wa udongo uliotobolewa matundu, tunauita garbo, na ndani yake huwashwa taa ya samli. Taa hiyo haiachwi izimike mpaka siku ya tisa.

Jirani yangu Jivkor alikuwa mjane wa ukoo wa wafinyanzi, na mtungi wake aliufinyanga mwenyewe. Lakini alikuwa na desturi yake ambayo haimo katika dini wala kitabu. Kila tundu alilipatia jina la mtu. "Hili la marehemu mume wangu. Hili la Jagdish. Hili lako, Monghiben." Tundu liking'aa, alisema mwenye nalo ni mzima. Likififia, alimpelekea mwenye nalo tangawizi kabla hajapiga chafya. Tulimcheka, lakini kila aliyepita pale alichungulia la kwake.

Mwaka ule mwanawe wa pekee, Jagdish, fundi mwashi, alikuwa amemwoa Eliwaza, binti wa Kipare kutoka Same, mshonaji. Jivkor hakumtaka. Alimkataza asimwite Ba, yaani mama, kama wanavyoita wakwe zetu. Alitaka aitwe Mama Jagdish. Hata tundu hakutaka kumtobolea, mpaka Jagdish aliposema, "Ba, usipomtobolea yeye, usinitobolee na mimi." Basi akalitoboa, dogo kama punje ya mtama, upande wa nyuma unaotazama ukuta.

Wakati huo mimi na Jivkor tulikuwa tukisoma darasa la jioni katika ukumbi wa hekalu. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, na ndiyo kwanza nashika kalamu. Mwalimu wetu, Masta Vrajlal, alikuwa fundi cherehani mstaafu. Alitufundisha kusoma, na baada ya kusoma alitufundisha jambo moja, lile lile, kila Jumanne. Alisema kilichopo kweli ni kimoja, hakina cha pili, nacho huitwa Brahma. Na kile kilicho ndani kabisa ya mtu, yaani atma, si kipande chake wala mtoto wake. Ni hicho hicho. Tunaona vingi kwa sababu hatujatazama vizuri, kama mtu anayeikimbia kamba gizani akidhani ni nyoka.

Jivkor aliwahi kumuuliza, "Masta, kama sote ni mmoja, mbona jino likiniuma mimi, Monghiben halimuumi?"

Masta akajibu, "Likikuuma wewe, dada, mtaa mzima unaumwa. Kelele zako tunazijua."

Tulicheka, tukaandika daftarini, tukaenda nyumbani. Niliomba kila alfajiri nielewe, lakini maneno yalibaki daftarini.

Sasa, Alhamisi Jagdish alikuwa amepanda lori la saruji kwenda Lushoto kujenga. Ijumaa asubuhi nilikuwa kwa Jivkor nikimsaidia kukanda unga wa chapati, mara Shekiondo, muuza maziwa, akaingia na baiskeli yake hadi ukumbini. Hakusalimia.

"Mama Jagdish," alisema, "kondakta wa basi la Mombo anasema lori la saruji limetumbukia bondeni karibu na Soni. Jana jioni. Hajui la nani."

Jivkor hakupiga kelele. Alitembea moja kwa moja mpaka chumba cha ibada, kisicho na dirisha, nasi tukamfuata. Mtungi ulikuwa ukiwaka. Tundu la mume wake liliwaka, langu liliwaka. La Jagdish lilikuwa jeusi.

Nikamwambia Shekiondo akamlete Masta, akatoka mbio.

Jivkor aliinama, akatazama nyuma ya mtungi. Tundu lile dogo la mtama lilikuwa linatoa mwanga, limechora nukta ukutani. Akageuka taratibu kwa Eliwaza, aliyesimama mlangoni na uzi wa kushonea bado shingoni.

"Kabla yako, la mwanangu liling'aa kuliko yote," alisema. "Umeunywa mwanga wake."

"Mama Jagdish, ni mume wangu. Nami sijala kwa hofu tangu niliposikia upepo wa jana."

"Usiseme mume wangu ndani ya chumba hiki! Leo hii utafunga nguo zako urudi kwenu Same."

Akachota donge la unga wa chapati uliokuwa bado kiganjani mwake, akaziba tundu la Eliwaza. Akatazama la Jagdish. Jeusi. Akaziba la shangazi yake wa Jamnagar. Jeusi. Akaziba la mume wake, huku akimwomba radhi. Kisha kidole chake kikaja kwenye langu.

Niwaambie kweli. Mimi niliyekuwa namcheka kwa matundu yake, nilimshika mkono. "Langu liache, Jivkor!" Nilisema hivyo. Aibu hiyo ninayo hadi leo. Alinisukuma, akaliziba.

Akaendelea hivyo mpaka mtungi ukawa umejaa madonge meupe kama ndui. Alitaka mwanga wote ulazimike kutokea kwa mwanawe. Lakini chumba kilizidi kuwa giza, na tukasikia harufu ya utambi unaokufa.

"Inazimika," Eliwaza alisema. "Taa yenyewe inazimika!"

Jivkor alibaki ameduwaa. Siku ya nne, taa izimike kwa mkono wake! Eliwaza alipita katikati yetu, akashika bakuli la udongo lililofunika mdomo wa mtungi. Lilikuwa la moto. Alilinyanyua hivyo hivyo, vidole vikaungua, akaliweka chini bila kulitupa. Mwali uliokuwa umebaki kama kichwa cha kiberiti ukatikisika, ukapata hewa, ukasimama.

Ndipo akaanza kubandua madonge, moja moja, akilia na kugomba kwa pamoja. "Mnaziba nini? Tazama ndani, mama! Matundu ni mengi, taa ni moja. Ukiniziba mimi, yeye utamwashia kwa kitu gani?"

Jivkor alisogea, akachungulia mdomoni mwa mtungi. Kumbukeni kwamba kila asubuhi alifunua bakuli lile na kumimina samli katika taa moja. Mkono wake ulijua. Lakini alitazama kama mtu aliyefika mara ya kwanza.

"Ya Jagdish ni ipi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Akauliza tena, "Ya huyu binti ni ipi?" Ndani kulikuwa na mwali mmoja tu, na kwenye tundu la Jagdish, masizi na bawa la nondo vilivyoliziba.

Masta alikuwa ameshafika, amesimama nyuma ya Shekiondo akihema, jasho likimdondoka. Alisema, "Miezi saba nimewaeleza hilo. Huyu amelisema kwa pumzi moja."

"Niambie mwanangu yu hai," Jivkor alimwambia.

"Sijui, dada. Na mtungi haujui. Tundu huziba, na mtungi wenyewe siku moja utapasuka. Taa haikuwa tundu, wala haikuwa mtungi. Hilo ndilo ninalolijua."

"Mimi nautaka uso wake, Masta."

"Basi lia. Kuijua taa hakumkatazi mtu kulia."

Akalia, na Eliwaza akalia, kila mmoja upande wake wa mtungi.

Jagdish alirudi Jumamosi jioni, mkono umefungwa shingoni, yu hai, na dereva wake pia. Naona mmeshusha pumzi. Lakini msimalizie hapo, kwa maana Ijumaa ile hatukujua. Tulikaa saa nyingi tukisikiliza kila gari lililopita, nami niliomba mpaka midomo ikakauka. Ni katika kutojua huko ndipo Jivkor aliposimama, akakamata mkono wa Eliwaza ulioungua, akaupaka samli ile ile ya taa, kisha akasema kwa sauti iliyosikika hadi barazani:

"Mimi Jivkor, mbele ya Monghiben, mbele ya Masta, na mbele ya Shekiondo ambaye si wa dini yangu, naahidi. Mwanangu akirudi au asirudi, huyu hatoki katika nyumba hii. Kuanzia leo ataniita Ba, na samli ataimimina yeye. Wala sitatoboa tena tundu lenye jina la mtu. Nilihesabu matundu nikasahau kutazama ndani. Matundu ni mengi, taa ni moja."