Nani Amvishe Joho Atuganile

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya juzi hii ambayo mashahidi wake bado wapo na wanakunywa chai, palikuwa na msichana mjini Tukuyu aliyeitwa Atuganile Mwalwega. Alimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka, jina lake likawa karibu na mwisho wa karatasi. Baba yake akaisoma ile karatasi, akaikunja, akaenda shambani bila kusema neno. Atuganile aliona afadhali angegombezwa.

Kesho yake akaenda sokoni kutafuta kazi yoyote. Pale langoni, mahali ambapo kila mnunuzi lazima apite, palikuwa na meza ya mjane mmoja muuza ndizi, Bibi Tusajigwe. Bibi akamtazama, akasogeza mikungu yake, akampa nusu ya meza.

"Shika upande huo," akamwambia. "Ila usiuze kwanza. Kaa uwatazame watu."

"Niwatazame nini, Bibi?"

"Wanavyoshika ndizi. Anayebonyeza anapika leo leo. Anayechagua moja moja ana mgonjwa nyumbani. Anayeuliza bei kabla ya kusalimia, huyo anapita tu. Ukishawajua, ndipo ufungue mdomo."

Atuganile akatazama wiki mbili. Alipoufungua mdomo, haukufungika tena. Akawa anawaeleza watu ndizi ipi ni ya kuchemsha, ipi ni ya kuchoma, ipi ya kumwekea mgeni wa Jumapili, hata wanunuzi wakasimama kumsikiliza na vikapu vyao kichwani. Miaka mitatu ikapita hivyo. Kiwanda cha chai kilipotangaza nafasi, Bibi mwenyewe ndiye aliyemwambia aende. Atuganile akaaga, akaenda zake. Watu wakasema, "Yule binti hatulii."

Kiwandani alianza kwa kufunga pakiti. Akarudia mtihani wake, akapata stashahada kwa masomo ya jioni, akapanda mpaka akawa afisa mauzo. Meneja wake alikuwa Bwana Mgimba, mtu mrefu kutoka Iringa, asiyependa kelele wala kuchelewa. Asubuhi moja wenye maduka wakarudisha pakiti mia mbili zilizopasuka. Atuganile hakwenda mezani kwake. Akazima mashine ya kufungia, akawaketisha wafungaji wote juu ya magunia, akawaeleza jinsi pakiti inavyosafiri kutoka mikononi mwao mpaka jikoni kwa mama mmoja wa Sumbawanga, na kila mahali inapogongwa njiani. Alieleza mpaka saa sita mchana. Asubuhi ile kiwanda hakikufunga hata pakiti moja.

Bwana Mgimba akamwita. "Nani amekuruhusu kuzima mashine?"

"Hakuna, bosi. Lakini sasa wanaelewa."

"Mimi sikuajiri mtu wa kuwaelewesha watu. Niliajiri mtu wa kuuza chai."

Akamwachisha kazi kwa barua ya mistari miwili: "Atuganile Mwalwega hafai kuuza. Anafaa kufundisha, na hapa si shule."

Atuganile akalia njia nzima. Watu wakasema, "Si tulisema? Yule hatulii."

Akajenga tanuri la matofali, akaanza kuoka mikate ya ndizi. Mikate yenyewe ilikuwa laini, na harufu yake ilimtoa mtu barabarani. Lakini Tukuyu ndizi zinaliwa asubuhi, mchana na jioni; mtu akiingia dukani anataka mkate wa ngano. Bibi Tusajigwe alimwonya, naye hakusikia. Wateja wakawa wanakuja, wananusa, wanasifu, wanaondoka. Ile barua ya Bwana Mgimba aliibandika ukutani, juu ya meza ya kukandia, ili kila asubuhi aione na kuukanda unga kwa hasira.

Zikiwa zimebaki siku chache afunge duka, akaingia mgeni kutoka Mbeya mjini, Daktari Lubasha, aliyekuwa akifundisha somo la masoko chuo kikuu. Akala mkate, akasoma barua, akacheka mpaka akapaliwa. Atuganile akampa maji, na bila kuombwa akamweleza kwa nini mikate yake hainunuliwi, hatua kwa hatua, kama anayesimulia habari za mtu mwingine.

"Haya uliyoniambia," akasema Daktari Lubasha, "njoo uwaambie wanafunzi wangu Alhamisi."

"Nije kuwaambia kwamba nimeshindwa?"

"Ndiyo, mama. Mimi habari za kushindwa ninawasomea vitabuni, nao wananisinzilia."

Alhamisi akaenda. Siku hiyo hakuna aliyesinzia. Kipindi kiliisha na wanafunzi hawakutoka. Atuganile alipokuwa akirudi Tukuyu alijikuta anacheka peke yake, na akajua kwamba amepata mahali pa kutulia.

Akiwa na miaka thelathini na minne akajiandikisha chuoni, akaketi dawati moja na wale wale aliowahutubia. Akapata shahada ya kwanza, akapata ya pili. Sasa idara ile ilikuwa na nafasi moja tu ya kufundisha masoko, na mwenye nafasi hiyo alikuwa Daktari Lubasha. Lubasha akaiacha ili aichukue Atuganile. Akahamia takwimu, somo ambalo hakulipenda tangu ujana wake. Miaka ikaenda, Atuganile akapata na uzamivu, tafiti zikaandikwa, wanafunzi wakaja na kuondoka, mpaka chuo kikamtunuku Atuganile uprofesa.

Chuo kile kina desturi yake. Siku profesa mpya anapotoa mhadhara wake wa kwanza, huvishwa joho na mtu aliyemfanya awe mwalimu. Mtu mmoja, si wawili. Msajili alimkumbusha mara mbili. Atuganile akawaalika wote watatu, Bibi Tusajigwe, Bwana Mgimba na Daktari Lubasha, akidhani moyo wake utamwambia la kufanya watakapofika. Wakafika, kila mmoja akiwa amevaa nguo za kumvisha mtu joho.

Bibi Tusajigwe, mwenye miaka themanini na fimbo mkononi, hakusubiri kukaribishwa. "Huyu mwanangu alipokuja kwangu hakuwa na neno la kumwambia mtu. Nikampa nusu ya meza yangu, na mimi nina watoto wanne. Wanafunzi wake wote wanapata kile nilichompa mimi: kumtazama mtu kabla ya kusema naye. Joho namvisha mimi."

Bwana Mgimba akakohoa. "Shikamoo, Bibi. Uliyosema ni kweli, lakini wewe ulimfundisha kuuza. Neno kufundisha nililiandika mimi, na nikalitia saini. Nilikuwa na hasira, sitadanganya. Lakini ningempandisha cheo siku ile, leo angekuwa meneja mstaafu kama mimi. Na huyu daktari hapa alimjua kwa barua ya nani?"

Daktari Lubasha akacheka, kisha akaacha kucheka. "Bibi alimpa nusu ya meza, akabaki na nusu. Mzee Mgimba alitoa karatasi moja. Mimi nilitoa somo langu lote. Miaka ishirini nimefundisha takwimu, na kila asubuhi nikipita mlangoni kwake nasikia wanafunzi wanacheka na kuuliza maswali, nami naelekea kwenye ubao wangu wa namba. Sijuti. Lakini leo naomba nimvishe."

Atuganile alimtazama kila mmoja, na kila aliyemtazama alimwona ana haki. "Nivisheni wote watatu," akasema.

Msajili akatikisa kichwa. Na Bibi Tusajigwe akasema, "Mimi sikuja hapa kushika upindo."

Ukumbini vigelegele vilikuwa vimeanza. Msajili akaliinua joho, akauliza amkabidhi nani. Atuganile akataja jina moja. Akavishwa, akatoka, akahutubu saa nzima watu wakicheka na kuandika, na baadaye wote wanne wakala pilau meza moja.

Jina alilolitaja silisemi, maana kila nikilisema wasikilizaji huacha kufikiri. Wauza ndizi wa Tukuyu wanaapa kwamba ni la Bibi, kwani bila mdomo hakuna mwalimu. Wafanyakazi wa kiwandani wanasema aliyekusukuma akakufikisha ndiye aliyekufikisha, hata kama alisukuma kwa hasira. Walimu wanasema aliyetoa alichokipenda ndiye aliyetoa.

Haya, ninyi mliokaa hapa mkanisikiliza: aliyempa nusu ya meza, aliyemfukuza kwa neno la kweli, na aliyemwachia somo lake, je, nani alistahili kumvisha Atuganile joho?