Bi. Somoe na Swali la Figo

Hii usiisome ukaiacha hapo. Mtumie yeyote mwenye mtoto anayesoma mbali.

Siwema wa Lindi alipata ufadhili wa kusomea udaktari ugenini, nchi ya theluji. Nyumbani alikuwa bingwa wa kukariri. Lakini huko mitihani ilikuwa ya mdomo, ana kwa ana na profesa. Siwema akamwaga daftari zima kuhusu figo. Profesa akauliza, "Kwa nini?" Binti akarudia yale yale ya daftari.

Akafeli. Ikabaki nafasi moja ya kurudia. Akiikosa, ufadhili unakatwa na safari imeishia hapo.

Akampigia simu mama yake huku analia. Mama mwenyewe, Bi. Somoe, ni muuza vitumbua aliyeishia darasa la pili.

"Hiyo figo inafanya kazi gani?"

"Mama, hutaelewa."

"Nieleweshe. Nina muda, unga bado haujaumuka."

Siwema akajikongoja: figo inachuja damu. Mama akadakia, "Kama mimi ninavyochuja tui? Mbona chujio langu huziba, na hilo lako halizibi?"

Siwema hakuwahi kujiuliza. Akarudi vitabuni kwa hasira, na Jumapili iliyofuata akapiga simu na jibu. Mama akazua swali jingine. Ikawa ndiyo desturi yao ya kila Jumapili.

Siku ya marudio profesa akauliza tena, "Kwa nini?" Siwema akamjibu kama anayemjibu mama yake, akafaulu. Miaka ikapita, akarudi Lindi daktari kamili, tena aliyeongoza darasa zima.

Kwenye sherehe ya kumpongeza, mwalimu wa zamani wa Siwema akamtania Bi. Somoe: "Haya, mama daktari, tuambie basi, mwanao kasoma nini huko?"

Watu wakacheka. Bi. Somoe akajifunga kanga vizuri, akasimama. Akaieleza figo mwanzo mpaka mwisho: damu inavyoingia, inavyochujwa, na kwa nini chujio lile halizibi. Hakukosea hata mahali pamoja. Siwema alimsikiliza huku machozi ya fahari yakimtoka.

"Mama, haya umeyasomea wapi?" mwalimu akauliza, sasa kwa adabu.

"Huko huko alikosoma mwanangu," akajibu. "Ila mimi sikupewa tiketi ya ndege."

Funzo: Uliyoyakariri huishia kwenye mtihani, uliyomweleza mama yako akakuelewa, hayo ni yako daima. Nawe mzazi, usiseme hukusoma. Uliza.