Ukuta wa Kiboko Usio na Mlango

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mto, mto ukawa na ukingo, na ukingo ukawa unamomonyoka. Mkiniona nasinzia, nifinyeni. Jana nililala kabla yenu.

Katika ukingo huo Kaa alichimba shimo, akaishi humo na watoto wake. Juu ya shimo yaliota matikiti. Kila siku Kiboko alitoka majini, akapanda kula. Akipanda, udongo poromo! Akishuka, udongo poromo! Ikabaki hatua moja tu, nyumba ya Kaa iingie mtoni.

Kaa akawaza, "Hapa panataka ukuta wa magogo. Nani atayashindilia?" Akaitazama miguu yake, akacheka peke yake.

Asubuhi akamwendea Kiboko.

"Shikamoo, mjomba. Viboko wa ng'ambo wanasema watavuka waje kula matikiti yako."

"Yangu?"

"Yako. Si wewe ndiye mkubwa hapa?"

"Hawapati hata mbegu!"

"Basi jenga ukuta, toka mwamba ule hadi mwamba huu. Simama majini, matope ni laini. Fundi nitakuwa mimi."

"Fundi mwenyewe kama kifungo cha shati!"

"Nitashika kamba, mjomba, ukuta usipinde."

Kiboko akasimamisha gogo, akaligonga kwa kidevu: ndi! ndi! ndi!

"Tayari?"

"Bado kidogo, mjomba."

Ndi! ndi! ndi!

"Sasa je?"

"Bado kidogo, mjomba."

Kushika kamba huku mwenzako anatoka jasho, kazi hiyo naijua. Nyumbani hunipa hiyo tu, na bado ukuta unapinda.

Siku tatu Kiboko hakula, akiitunza njaa yake kwa karamu. Nyuma ya magogo, Kaa na watoto wakajaza udongo. Gogo la mwisho likazama: ndi!

"Haya, matikiti yangu!" Kiboko akageuka kulia: mwamba. Akageuka kushoto: mwamba. Mbele: magogo.

"We Kaa! Mlango uko wapi?"

"Mjomba, ukuta wa kuzuia viboko, mlango wa nini?"

"Lakini mimi ndiye mwenyewe!"

"Mwenyewe si angekuwa huku ndani?"

Kiboko akausukuma ukuta: gu! Haukutikisika. Akausukuma tena: gu! Haukutikisika.

"Fundi gani kashindilia hivi?" akalia.

"Wewe, mjomba. Kazi safi sana."

Fundisho, watoto wangu: fanyeni kazi kwa bidii, mtafika ndani. Mimi mwalimu wenu najua. Mwaka juzi nilijenga banda la kuku kwa bidii sana, msumari wa mwisho nikaupigilia nikiwa ndani. Chai nililetewa kwenye tundu la kuku.

Hadithi nimeifikisha kwenye mwamba, haina pa kupita. Anayecheka sana kesho atanishikia kamba.